Ekseli ya Baba Mkwe

Mume wangu watu wanamwita Timazi, na usinisumbue kuniuliza jina lake la kuzaliwa, maana hata mimi nikimwita kwa jina hilo hageuki. Timazi ni kile kipande cha chuma chenye ncha ambacho waashi hukining'iniza kwa uzi ili wajue kama ukuta umesimama wima. Yeye hajengi kuta. Hukining'iniza kwenye tao la bodi, juu ya gurudumu la mbele la magari ya zamani, yale yenye taa za mviringo na milango mizito ya kufungwa kwa bega, halafu anachuchumaa kuangalia gurudumu limelala kiasi gani na limelalia wapi. Kazi yake ni hiyo tu. Hatengenezi injini, hapaki rangi, na breki hagusi mpaka abembelezwe. Magurudumu mawili ya mbele yatazame wapi na yasimame vipi, basi, hapo ndipo riziki yetu ilipo.

Nilipoposwa, mama yangu mzazi aliuliza mchumba anafanya kazi gani. Nikamweleza. Akaweka mwiko chini. "Yaani analipwa kwa kutazama magurudumu? Mbona hata mimi nayatazama?" Tulicheka wote. Kisha siku moja nikapita uwanjani kwake, nikamkuta ameinamia tairi la gari la mwalimu mstaafu, anapitisha kiganja juu ya mpira, kwenda taratibu na kurudi taratibu, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Akaniita nami nipapase. Kwenda, mpira ulikuwa laini. Kurudi, ukanikwaruza. "Umeona?" akasema. "Magurudumu yake yanatazamana kupita kiasi, kwa hiyo tairi haliviringiki, linaburutwa. Mwenyewe anasema ni barabara mbovu. Barabara inasingiziwa mengi, dada yangu." Haki ya Mungu, hapo ndipo nilipompenda, na kama ni ujinga, ni wangu mwenyewe.

Uwanja wake hauna mashine. Una sakafu ya saruji iliyosawazishwa kwa pima maji, vipande vya bati vilivyopakwa grisi ambavyo huwekwa viwili viwili chini ya magurudumu ya mbele ili yateleze na kukaa yanapotaka yenyewe, rula ya chuma, timazi, na uzi wa nailoni. Uzi unavutwa kutoka nyuma ya gari mpaka mbele, usawa wa katikati ya magurudumu, naye hupima kutoka kwenye uzi hadi kwenye rimu, mbele ya gurudumu kisha nyuma yake, kujua linatazama ndani au nje. Kazi hiyo inataka watu wawili, na wa pili ni mimi. Jirani yetu mshona nguo alikuwa akinitania: "Wenzako wanashikwa mikono na waume zao, wewe unashikishwa uzi!" Namwambia afadhali uzi, mkono wa mume unaweza kuvutwa na mwingine. Kazi yangu nyingine ni kuingia chini ya gari na mafuta ya taa na brashi ya waya, kusugua matope na grisi kuukuu, kwa sababu uchafu huficha nyufa.

Sasa sikiliza jambo moja, maana ndilo linalonichemsha mpaka leo. Mume wangu hakuwahi kumwamini mwenye gari hata mmoja. Kila anayekuja anasema, "Fundi, gari langu halijagongwa kamwe." Yeye anajibu, "Sawa, mzee," kisha anachukua rula na kuingia chini. Alikuja kiongozi mmoja wa dini, mtu wa heshima zake, akaapa kwamba gari lake halijawahi kugusa hata jiwe. "Sawa, baba," akasema Timazi, akaingia chini, akatoka na fimbo ya usukani iliyopinda kama kiwiko. Yule mheshimiwa akakohoa, akaangalia juu. Kwa Timazi mwenye gari hapimwi kwa mdomo, awe nani. Wenye magari wakakubali hivyo, na ndiyo maana chama kizima cha wenye magari ya zamani hapa mjini kilikuwa kinamletea yeye magari yao.

Baba mkwe alikuwa fundi wa malori, na katika maisha yake alimiliki gari moja tu, dogo, la zamani, lenye ekseli ya mbele ya chuma kimoja kizima, boriti inayotoka gurudumu hadi gurudumu. Alipougua aliwaita wanawe wawili. Nyumba ni ya mama yenu, akasema. Kiwanja cha pembeni ni cha mkubwa. Gari nampa mdogo, kwa sababu yeye ndiye atakayelisikiliza. Hakuna aliyebisha. Mzee akafa, tukazika, tukarudi kwenye kazi zetu.

Huyo mkubwa ni shemeji yangu. Watu wanamwita Maua, kwa kuwa kazi yake ni kupamba gari kwa utepe na maua na kubeba maharusi. Naye ana gari aina ile ile, umri ule ule, ila lake ni la rangi ya maziwa. Ana mdomo, mtu yule! Anaweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, na ukamwambia asante. Baada ya matanga akaja kwetu, akakaa, akainamisha kichwa. "Mdogo wangu," akasema, "sina cha kukupa. Niache nilipeleke gari la baba likapakwe rangi upya. Iwe zawadi yangu kwake na kwako." Mume wangu alilia. Mimi pia nilitoa machozi, nisijitie ushujaa.

Gari likakaa huko kwa wapaka rangi, likarudi linang'aa, bluu nzito, mpaka ukijitazama kwenye mlango unaona aibu ya nguo zako. Kasoro ilikuwa moja. Kati ya springi na ekseli baba mkwe alikuwa ameweka kabari mbili nyembamba, za kuilaza ekseli kidogo, ili usukani ukikatwa kona urudi wenyewe. Alizichonga kwa shaba, kutoka kengele ya shule iliyopasuka. Mimi ndiye niliyezipiga msasa, nikiwa bibi harusi wa juzi, mama mkwe akicheka, "Huyu mke wa mwanangu kaja kuolewa au kaja kuajiriwa?" Gari liliporudi, kabari zilikuwa za chuma. "Wezi wa shaba, mdogo wangu," akasema shemeji. "Pale kwa wapaka rangi wana mikono mirefu. Nimekuchongea nyingine." Timazi akamwambia shaba si kitu.

Haukupita muda, tairi la mbele la kushoto likaanza kuliwa upande wa ndani. Upande wa nje ulikuwa na maua yake yote, wa ndani kipara. Timazi akavuta uzi, mimi nikashika. Magurudumu yalikuwa yanatazama sawasawa. Akaning'iniza timazi. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelalia ndani, kichwa chake kimeinamia injini. Akabadilisha bushi. Akabadilisha pini, akabadilisha beringi, akafunga tairi jipya. Likaliwa pale pale.

Nikamwambia, "Pima ekseli."

Mume wangu si mtu wa kupaza sauti, lakini siku ile alinigeukia hadi nikaangusha spana. "Ekseli ya baba? Unajua baba aliliendeshaje gari hili? Hata ukingo wa barabara hajapata kuupanda!"

"Baba, ndiyo. Lakini lilikaa kwa shemeji."

"Nimemuuliza kaka. Amesema halikuguswa, alikuwa anasimama pale kila siku. Nikichukua rula nikapima alichoniapia, nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya kaburi la baba."

Umemsikia? Kiongozi wa dini alipimwa. Mwalimu mstaafu alipimwa. Kaka mtu akaaminiwa. Nami nikanyamaza, kwa sababu mke akisema sana juu ya ndugu wa mume, ndiye anayeambiwa amekuja kuvunja ukoo.

Basi akaanza kuitilia shaka sakafu. Alisema labda imezama upande mmoja, ndiyo maana timazi inasema uongo. Akaivunja yote kwa nyundo, akamwaga saruji upya, akaisawazisha kwa pima maji akiwa amepiga magoti, na muda wote ilipokuwa inakauka hakuna gari lililoingia. Tulikula tulichokuwa nacho. Sakafu ikakauka, akalisukuma gari la baba juu yake, akaning'iniza timazi. Gurudumu limelala vile vile. Alikaa chini pale kwenye saruji mpya, miguu ameinyoosha mbele.

Shemeji alikuwepo siku hiyo. Alikuwa anakuja mara kwa mara, nasi tukidhani ni mapenzi. Aliegemea mlango, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, umri huo. Hata mimi sioni kama zamani. Isije ikawa ni macho." Jioni ile mume wangu akaenda kwa mama yake, akamweleza yote: gurudumu limelala, nimeona kwa macho yangu, lakini kaka anasema labda macho yenyewe yamekwisha. Mama mkwe akamshika mkono. "Twende ukapimwe, mwanangu. Nitakusindikiza."

Wakaenda. Daktari akamsomesha herufi kubwa na ndogo, akammulika, akamwambia, "Mzee, macho yako yana nguvu kuliko yangu." Ungedhani mtu angefurahi. Timazi alirudi nyumbani amenuna. Alisema daktari yule ana haraka, hakumpima vizuri, hajui kazi. Akaenda kwa muuza miwani wa barabarani, akajaribu moja baada ya nyingine, akanunua iliyompendeza. Mama mkwe alipomwona nayo alimwambia imempendeza, anafanana na karani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwelikweli. Rula ya chuma mtu aliyoisoma ujana wake wote, sasa anaisoma kupitia kioo kisicho chake. Mstari mmoja anauona miwili. Nikamwambia vua hiyo miwani, akasema bila hiyo haoni. Magari ya watu yakaanza kutoka uwanjani yakiwa mabaya kuliko yalivyoingia. Mwenyekiti wa chama cha magari ya zamani, mzee mpole asiyejua kugomba, alikuja na tairi kalibeba mkononi, akaliweka chini taratibu. "Fundi, papasa," akasema. Timazi akapapasa. Lilikuwa na meno ya msumeno kuanzia mwanzo hadi mwisho, tairi jipya kabisa.

"Hili nimelifanya mimi?" akauliza.

"Ni wewe, fundi. Mimi nakupenda, lakini wenzangu wameona gari lako mwenyewe lilivyo. Wanasema kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu wetu sasa anatukata masikio. Wamepata mahali penye mashine."

Uwanja ukanyamaza. Mume wangu niliyemjua alikuwa mtu wa mzaha, mtu wa kuimba chini ya gari na kukosea maneno makusudi nimsahihishe. Sasa anakaa mlangoni mikono mapajani. Usiku anageuka geuka. Siku moja akaniambia amepata kazi, kufungua na kufunga geti kwenye ghala la mbolea. Geti halihitaji macho makali, akasema. Nikalia, nikagomba, nikamwambia nitashika uzi na nitasoma rula mimi mwenyewe. Akasema, "Mke wangu, mtu asiyeweza kunyoosha gari la baba yake asiguse la mwenzake." Alikuwa ameamua. Alikuwa anangoja Jumatatu tu akaripoti getini.

Na shemeji? Alaa, alikuja mbio! "Uwanja usikae bure, mdogo wangu. Nitaegesha magari yangu ya harusi, angalau jina la ukoo lisifutike hapo." Timazi akamshukuru. Akampa ufunguo wa pili pale pale.

Kesho yake Maua akaleta gari lake la rangi ya maziwa. Kulikuwa na harusi Jumamosi, akataka magurudumu yaangaliwe, ati iwe kazi ya mwisho ya mkono wa ndugu yake, kwa heshima. Aliliacha akaenda kununua utepe. Gari lile tulilijua. Mume wangu aliwahi kulipima na kulisifia, anasema linashika njia kama limechorewa, tairi zinaliwa sawasawa ndani na nje, na kila mara alikuwa akiugua moyoni kwa nini la kaka linakubali na la baba linakataa.

Nikaingia chini na mafuta ya taa na brashi yangu. Ekseli ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, tabaka juu ya tabaka, nikasugua karibu na springi mahali palipokuwa na matope yaliyoganda. Rangi ikabanduka. Chini yake pakawa pa njano.

Nikasugua tena. Njano. Nikahamia upande wa pili, nikasugua kwa nguvu mpaka mkono ukaniuma. Njano vile vile. Kabari za shaba, nyembamba, na kwenye moja kulikuwa na ule mkwaruzo niliouacha mimi msasa uliponichomoka, baba mkwe akasema acha, utakuwa alama yako. Mtu akiiba kabari anaiba kabari. Lakini pale kwenye kitako cha springi kulikuwa pia na nukta za patasi, alama ambayo baba mkwe alizoea kugonga kwenye vyuma vyake, zimegongwa kwenye ekseli yenyewe. Nilikuwa nimelala chini ya ekseli ya baba mkwe, iko kwenye gari la shemeji yangu.

Nikatoka. Sikumbuki nilitokaje. "Baba watoto," nikasema, "njoo. Vua hiyo miwani uje."

Akaingia chini. Akakaa huko muda mrefu. Nilikuwa naona miguu yake tu, haitikisiki. Alipotoka hakunitazama. Alichukua rula na uzi, akaenda kwenye gari la bluu, lile letu, akavuta uzi chini ya ekseli yake kutoka ncha hadi ncha, kipimo ambacho kingemchukua muda wa kunywa maji tangu siku ya kwanza. Upande wa kushoto ekseli ilikuwa imepindia juu. Hata mimi niliona nikiwa nimesimama.

Shemeji akarudi na utepe wake kwapani, anapiga mluzi. Akaona brashi. Akaona njano. Mluzi ukaisha.

"Kaka," akasema Timazi, "hii ni ya nani?"

"Mdogo wangu, nisikilize..."

"Ni ya nani?"

Maua akaanza kulia, na kulia anajua. Alisema aligonga kalvati akitoka kumrudisha bwana harusi mmoja. Ekseli yake ikapinda, harusi nyingine iko mlangoni, ekseli kama ile haipatikani madukani. Na gari la baba liko pale kwa wapaka rangi, limekaa tu, halina haraka. Alibadilisha. Alikusudia kurudisha. Kila alipotaka kurudisha kulikuwa na harusi.

Mimi nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ndiye chawa. Nilimwambia umemtazama ndugu yako akivunja sakafu kwa nyundo, umeegemea mlango huu huu, ukamwambia ni macho! Ukaja kuchukua na ufunguo! Mshona nguo alitoka na futi yake shingoni, watu wakasimama barabarani, nami sikujali.

Timazi alininyamazisha kwa mkono. "Kaka," akasema, "nilikuuliza. Ungeniambia tu umechukua, ningekupa. Kwa nini uliniacha nijione kipofu?"

Maua akafuta pua kwa utepe. Kisha akasema neno alilodhani litampunguzia mzigo. "Si mimi peke yangu. Mama alijua. Yeye ndiye aliyesema ninyamaze."

Mume wangu alimtazama kidogo, akavaa shati. Nikamfuata hadi kwa mama yake.

Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, ameketi kitandani karibu na dirisha, anapinda ukingo wa pazia kwa sindano. Redio ilikuwa inazungumza chinichini. Akafurahi kutuona, akataka kuinuka atupe viti. Timazi akakaa kwenye kigoda.

"Mama, kaka anasema ulijua habari ya ekseli."

Sindano ikasimama. Alilinyoosha lile pazia magotini, akalikunja, akalikunjua. "Nilijua, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu gari liko kwa wapaka rangi. Alikuja hapa analia. Nyumba yake inategemea harusi zile, unamjua mwenzio, hana kingine mikononi. Wewe una ufundi. Nikasema, mdogo ni fundi, ataona limepinda, atanyoosha, yatakwisha kimyakimya bila ndugu kugombana."

"Niliona, mama. Nikaja hapa nikakwambia nimeona."

Mama mkwe akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu. "Nilikuwa nimeshachelewa kusema. Ningesemaje? Ndiyo maana nikakupeleka kwa daktari. Nilijua macho yako ni mazima. Nilitaka akuambie yeye, maana mimi nilishindwa."

"Aliniambia," akasema Timazi. "Aliniambia macho yangu yana nguvu kuliko yake. Nami nikamwona hajui kazi. Daktari mzima, mama, nilimwona mwongo, kwa sababu wewe na kaka mlikuwa mmesema vingine."

Redio ikaendelea kuzungumza. Nilitaka kuizima lakini sikuthubutu kusogea. Mama mkwe akauliza kama ile ekseli inaweza kukaa kwa kaka mtu mpaka harusi ya Jumamosi ipite, kwa ajili ya maharusi wa watu, wasio na kosa.

"Naishusha leo," akasema mume wangu. "Maharusi watafutiwe gari lingine."

"Na mimi je? Umenikata?"

"Sijakukata. Wewe ni mama yangu. Ukiugua nitakuja, paa likivuja nitapanda, mahitaji yako nitaleta kama kawaida. Lakini usiniulize tena hali yangu. Hali yangu ulikuwa unaijua."

Ekseli aliishusha siku ile ile, nami nikimshikia taa ya mkononi chini ya gari. Getini hakuenda. Gari la bluu sasa linashika njia, tairi lake linaliwa sawa ndani na nje, na mwenyekiti wa chama amekuja mwenyewe kupapasa, akacheka kwa furaha, akawaleta wenzake mmoja mmoja. Shemeji hapiti mtaani kwetu, na akipita nina maneno yake yamebaki.

Kwa mama mkwe tunakwenda kila Jumapili. Timazi anambebea mafuta, sabuni, mkaa, anakaza bawaba ya dirisha, anaketi kwenye kigoda kile. Wanaamkiana vizuri. Halafu mama mkwe anafungua mdomo amuulize, anakumbuka, anaufunga. Ananigeukia mimi. "Mumeo anaendeleaje?" ananiuliza, na Timazi mwenyewe amekaa hapo kati yetu, mama angeweza kumgusa bega. Mwanamke mimi ninayejua kutukana, natafuta cha kusema, sipati. Mama mkwe hatukanwi. Namjibu, "Hajambo, mama."